Ufa wa Nyumba Siyo Kudra

Mvua za kwanza zinapoanguka Mhunze, makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, mkulima wa pamba na mtama hushika jembe kwa furaha. Lakini wako watu katika mji huo huo ambao huyatazama mawingu kwa mashaka. Hao ni wenye nyumba mpya. Wanajua kwamba udongo ulio chini ya nyumba zao, ambao kiangazi chote ulikuwa umekauka na kupasuka, sasa utakunywa maji na kuvimba. Na utakapovimba utainua msingi upande mmoja na kuuacha upande mwingine. Wiki chache baadaye mlango wa mbele utagoma kufungwa, sakafu itatoa mstari mwembamba, na juu ya dirisha la chumba cha watoto utatokea ufa unaopanda kwa ngazi, tofali baada ya tofali.

Mwenye nyumba humwita fundi. Fundi hutazama, hutikisa kichwa, kisha hueleza kwamba huo ndio udongo wa Usukumani na kwamba nyumba zote za hapa ndivyo zilivyo. Hukoroga saruji kidogo, huziba, hupaka rangi, hulipwa mara ya pili na kwenda zake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini hawakumaanisha kwamba ufa uzibwe kwa ripu ili usionekane na wageni. Ufa uliozibwa kwa namna hiyo hurudi msimu wa mvua unaofuata, ukiwa mpana zaidi.

Jambo la kusikitisha siyo ufa peke yake. Ni kwamba mwenye nyumba, hata akiwa ni mwalimu wa sekondari au ofisa wa Serikali aliyesoma, huupokea ufa huo kama anavyopokea ukame au nzige. Huupokea kama kudra. Ni nadra kusikia kwamba ameandika hati ya madai na kuipeleka mahakamani, ingawa angethubutu kufanya hivyo kama angeuziwa ng'ombe mgonjwa au shamba la mtu mwingine. Wakati huo huo mkopo aliochukua ili ajenge unaendelea kukatwa katika mshahara wake kila mwezi, kwa miaka mingi, bila kujali kama nyumba imesimama au imeinama.

Hapana budi isemwe wazi: ufa unaotokana na kazi mbovu ni ahadi iliyovunjwa, na ahadi iliyovunjwa ina fidia. Kinachomfunga mikono mwenye nyumba siyo kukosekana kwa sheria. Ni kukosekana kwa karatasi.

Udongo haukufichwa

Utetezi wa kwanza wa kazi mbovu katika Kishapu ni udongo. Ni utetezi unaostahili kupimwa, kwa sababu nusu yake ni kweli. Udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao Wasukuma huuita mbuga, hunywa maji na kuvimba wakati wa mvua, kisha husinyaa na kupasuka wakati wa kiangazi. Nyumba iliyojengwa juu yake bila tahadhari hupandishwa na kushushwa kila mwaka, na ukuta wa matofali hauwezi kuvumilia mchezo huo.

Lakini nusu ya pili ya kweli ni kwamba udongo huu haukufichwa. Wasukuma wameutambua na kuupa jina tangu enzi za mababu. Mkulima asiyejua kusoma atakuonyesha luseni, mchanga ulio juu kwenye mwinuko. Atakuonyesha itogolo na ibambasi, udongo mgumu wa katikati. Na atakuonyesha mbuga iliyo chini bondeni. Katika miaka ya 1930 mtaalamu Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, alieleza kitaalamu mfuatano wa udongo wa namna hii katika Afrika Mashariki, na neno alilolibuni, katena, linatumiwa na wanasayansi wa udongo duniani hadi leo.

Kwa hiyo fundi anayejenga Mhunze na kusema kwamba hakujua udongo, anasema jambo ambalo kila mlima dengu analijua. Na dawa zake zinajulikana pia. Udongo mweusi huondolewa na mahali pake hujazwa moramu iliyoshindiliwa vizuri. Au msingi huchimbwa hadi ufike kwenye udongo usiocheza. Au hutandikwa jamvi la zege lenye nondo ili nyumba nzima iinuke na kushuka kwa pamoja. Kuta hufungwa kwa mkanda wa zege. Maji ya bati huelekezwa mbali na msingi, na kuzunguka nyumba huwekwa sakafu ya nje yenye mteremko. Miti mikubwa hupandwa mbali na ukuta, maana mizizi yake hunywa maji ya upande mmoja na kuuacha mwingine. Katika haya yote hakuna hata moja linalohitaji mtaalamu kutoka ng'ambo.

Tena si kila ufa umeletwa na udongo. Upo ufa ulioletwa na mfuko mmoja wa saruji uliolazimishwa kutoa matofali kupita kiasi. Upo ulioletwa na matofali yaliyopangwa kabla ya kumwagiliwa maji ya kutosha ili yakomae. Upo ulioletwa na nondo zilizohesabiwa kwenye bei lakini hazikuonekana ndani ya zege. Mtu anayechukua fedha ya nondo sita na kuweka nne anaishi kwa jasho la mwenzake, na huo ndio unyonyaji ambao Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliufundisha Umma kuutambua na kuukataa. Mnyonyaji hahitaji kuwa na kiwanda. Mwiko na timazi vinamtosha.

Sheria ipo

Wako wanaosema kwamba mambo ya kushtakiana kwa sababu ya nyumba ni ya Wazungu. Ni kweli kwamba Waingereza wameyaendeleza sana. Wana sheria ya mwaka 1972 inayomlazimisha mjenzi kujenga nyumba inayofaa kukaliwa na binadamu. Na baada ya jengo la Grenfell kuungua London mwaka 2017 na watu 72 kupoteza maisha, sheria nyingine ya mwaka 2022 iliongeza muda wa kudai chini ya ile ya kwanza kutoka miaka 6 hadi 15.

Lakini Mtanzania hana sababu ya kusubiri sheria ya London. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema kwamba aliyevunja mkataba humlipa mwenzake fidia ya hasara iliyotokana na uvunjaji huo. Sheria ya Ukomo wa Madai, Sura ya 89, inampa mwenye madai ya mkataba miaka 6 ya kufungua shauri. Kama mjenzi ni mkandarasi, Sheria ya Usajili wa Makandarasi ya mwaka 1997 inamtaka awe amesajiliwa na Bodi, na Bodi hiyo ndiyo yenye mamlaka ya kusimamia mwenendo wake. Lugha nayo siyo kikwazo: Mahakama za Mwanzo zimekuwa zikitumia Kiswahili tangu zamani, na marekebisho ya mwaka 2021 yakakifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zote. Kwa asiye na uwezo wa kumlipa wakili, ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Hata makubaliano ya mdomo ni mkataba mbele ya sheria. Hapo ndipo mtego ulipo. Mkataba wa mdomo ni halali, lakini mwenye kudai ndiye mwenye wajibu wa kuthibitisha, na mahakamani neno la mwenye nyumba likikutana na neno la fundi, hakimu hubaki na maneno mawili. Je, msingi ulikubaliwa uwe wa kina gani? Nani alinunua saruji, na mifuko mingapi? Nani alisema nondo zipunguzwe, fundi au mwenye nyumba mwenyewe alipoona fedha inakwisha? Bila ya maandishi maswali haya hayana majibu, na madai yasiyo na majibu hushindwa hata kama yana haki.

Kwa kukosa karatasi wengine hukimbilia njia ya mkato. Humpeleka fundi kituo cha polisi wakitaraji kwamba akilala ndani usiku mmoja atapata fedha ya kurudisha. Kazi mbovu, isipokuwa pale palipo na wizi au udanganyifu, ni madai na siyo jinai. Fundi aliyelala mahabusu hutoka akiwa maskini kama alivyoingia, na ufa hubaki ukutani.

Shuleni mkataba, nyumbani ahadi

Aibu kubwa ya jambo hili inawaangukia hasa walimu na watumishi, kwa sababu wao hawawezi kusema kwamba hawajui. Katika mwaka wa fedha 2021/22 Serikali ilijenga vyumba vya madarasa 15,000 nchini kote kwa fedha za mpango wa maendeleo na mapambano dhidi ya UVIKO-19, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa kwa utaratibu wa fosi akaunti. Walimu wakuu waliunda kamati za ujenzi, za manunuzi na za mapokezi. Waliandikiana mikataba na mafundi wa mitaa. Walihesabu mifuko ya saruji ikiingia stoo na ikitoka. Malipo yalifuata hatua: msingi, boma, kenchi na bati, umaliziaji. Mhandisi wa halmashauri alikuja kukagua.

Katika kazi kubwa zinazopewa makandarasi, Serikali hufanya zaidi ya hapo. Huzuia sehemu ya malipo na kuweka kipindi cha uangalizi baada ya jengo kukabidhiwa, ili kasoro zikijitokeza mkandarasi arudi kuzirekebisha kwa gharama yake. Serikali, yenye mahakama, polisi na wanasheria, haimwamini mjenzi kwa maneno matupu.

Lakini mwalimu yule yule aliyekuwa katibu wa kamati, aliyegombana na fundi wa shule kwa ajili ya toroli mbili za kokoto, akirudi kwenye kiwanja chake jioni humpa fundi huyo huyo fedha mkononi, bila stakabadhi, bila shahidi, bila mchoro, na kumwambia anamwamini. Mali ya umma ameilinda vizuri, na apewe sifa yake. Kwa nini jasho lake mwenyewe, ambalo ni miaka ishirini ya chaki, analiacha bila mlinzi?

Kishapu si wilaya ya watu wasiojua kudai. Wananchi wanaoishi jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui, katika wilaya hiyo hiyo, waliipeleka kampuni ya Petra Diamonds mbele ya Mahakama Kuu ya Uingereza kwa madai ya kuumizwa na walinzi wa mgodi. Na mwezi Mei mwaka 2021 kampuni hiyo ilitangaza suluhu na wadai 71, iliyogharimu pauni milioni 4.3, bila ya shauri kufika kwenye hukumu. Bwawa la majitope la mgodi huo lilipopasuka tarehe 7 Novemba 2022 na kufurika katika makazi na mashamba ya Ng'wang'holo, hakuna aliyesema kwamba ile ni kudra. Hasara ilitathminiwa na suala la fidia likashughulikiwa, kwa kuwa aliyesababisha hasara alijulikana.

Ni ajabu basi kwamba madai ya watu wa Kishapu yamefika London, lakini madai ya nyumba iliyopasuka Mhunze hayafiki katika mahakama iliyo umbali wa kutembea kwa miguu.

Huko Geita nako kuna somo. Kwa miaka mingi wakazi wa mitaa iliyo karibu na mgodi mkubwa wa dhahabu wamelalamika kwamba milipuko ya mgodi inapasua nyumba zao. Katika malalamiko ya namna hiyo hoja huwa ni moja: mwenye nyumba husema ni mlipuko, na upande wa pili husema ni msingi dhaifu. Mwenye picha za nyumba yake ilipokamilika, mwenye mchoro wa msingi na stakabadhi za nondo, ana mahali pa kusimama katika mabishano hayo. Asiye navyo husimama juu ya malalamiko yake tu. Karatasi inayomlinda mwananchi dhidi ya fundi mlaghai ndiyo itakayomlinda dhidi ya kampuni yenye nguvu.

Kwa fundi pia

Wako watakaosema kwamba fundi ni mnyonge mwenzetu, na kwamba kumpeleka mahakamani ni kujenga uadui mtaani. Hoja hii ina utu ndani yake, na haifai kubezwa. Mafundi wengi wa Mhunze na Shinyanga walijifunza kazi kwa kubeba zege tangu utotoni. Hulipwa kwa kuchelewa. Huambiwa wapandishe ukuta bila mkanda kwa sababu mwenye nyumba amenunua bati kwanza, majirani wakamwona amefika kwenye bati. Wako wenye nyumba wanaochukua ushauri wa fundi kuhusu msingi na kuutupa, kisha ukuta ukipasuka humsingizia.

Lakini fundi wa namna hiyo ndiye anayehitaji mkataba kuliko mtu yeyote. Ikiandikwa kwamba fundi alishauri nondo na mwenye nyumba akakataa, fundi huyo hawezi kubebeshwa mzigo usio wake. Mkataba humtenga fundi hodari na tapeli, na kumpa hodari heshima anayostahili. VETA imekuwa ikiwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza kazi nje ya madarasa. Cheti hicho kitakuwa na thamani siku wenye nyumba watakapoanza kukiulizia kabla ya kuulizia bei.

Wengine watasema kwamba hata hukumu ikipatikana, fundi hana mali ya kukamatwa. Ni kweli, na ndiyo sababu ya kuzuia sehemu ya malipo hadi nyumba ipite msimu mmoja wa mvua. Kesi bora ni ile isiyohitaji kufunguliwa, na fundi anayejua kwamba fedha yake ya mwisho inasubiri mvua zipite atamwagilia matofali bila kukumbushwa.

Uzembe huu una mwisho ambao hauna fidia. Mwezi Machi mwaka 2015 mvua ya mawe na upepo iliangusha nyumba katika kijiji cha Mwakata, Kahama, na watu zaidi ya 40 wakafariki, wengi wakiwa wamefunikwa na kuta zao wenyewe. Tarehe 29 Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu zaidi ya 30. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo likaanguka Kariakoo, na vilio vikasikika tena. Mwakata walikufa maskini katika nyumba za udongo. Dar es Salaam walikufa watu katika majengo ya fedha nyingi. Kilichofanana ni ukuta uliomwangukia aliyeuamini.

Yanayowezekana sasa

Hatua za kuchukua hazihitaji bajeti mpya. Halmashauri inaweza kutayarisha mkataba wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi, ukapatikana katika kila ofisi ya kata, wenye nafasi ya kuandika kina cha msingi, idadi na unene wa nondo, uwiano wa saruji na mchanga, hatua za malipo, fedha ya kuzuiwa na majina ya mashahidi wawili. Kibali cha ujenzi kisiishie kwenye mhuri: msingi wa nyumba katika udongo wa mbuga ukaguliwe ukiwa bado wazi, kabla zege halijamwagwa, kwa kuwa baada ya hapo hakuna jicho litakalouona. Vyama vya akiba na mikopo vinavyowakopesha walimu na watumishi vitoe mkopo wa ujenzi kwa hatua, kila hatua ikiwa na cheti cha ukaguzi. Chama kinachokata mshahara kwa miaka mingi kina haki na wajibu wa kuuliza kama nyumba itadumu.

Mwenye nyumba naye atunze daftari, stakabadhi na picha za kila hatua. Ufa ukitokea, asiuzibe kabla ya kuupiga picha na kuandika tarehe. Amwite mhandisi aandike maoni yake. Ampe mjenzi taarifa kwa maandishi na muda wa kurekebisha. Mjenzi akikataa, aende mahakamani kabla miaka 6 haijapita. Haendi kulipiza kisasi. Anakwenda kudai alichoahidiwa.

Mwalimu hufundisha watoto kwamba taifa hujengwa, na ofisa huhimiza wananchi kujenga nyumba bora. Maneno hayo yatakuwa na uzito siku mwalimu na ofisa watakapokuwa wa kwanza kukataa nyumba mbovu kwa njia ya haki. Udongo wa mbuga utaendelea kuvimba kila mvua zinaponyesha. Hauna kosa, ndivyo ulivyo. Mwenye kosa ana jina, na jina hilo liandikwe kwenye karatasi kabla tofali la kwanza halijawekwa.